Mafiga tatu, mbabula, plake ya umeme: jiko liliingiaje ndani ya nyumba?

Mchimbaji akitoka Kamituga, Misisi ao Nzibira na pesa mkononi, kitu cha kwanza anachofikiri ni kiwanja, na cha pili ni nyumba. Anahesabu matofali, simiti, mabati na mlango wa chuma. Anataka saloni kubwa, viti vizuri na televizyo ukutani. Ukimuuliza: «Na jikoni, je?», wengi wanajibu: «Ile ni mambo ya wamama, tutaionaka kisha.» Hiyo «kisha» inageuka mabati matatu nyuma ya nyumba, mbabula chini, moshi machoni. Nyumba imekwisha, lakini mahali panapotumika kila siku, asubuhi, mchana na mangaribi, pamebaki sawa vile kambi ya porini.

Leo tunaeleza historia ya vyombo vinavyojengwa ndani ya jikoni: jiko lenyewe, tanuri, frigo, makabati. Si hadithi ya matajiri peke yao. Kila kimoja kilibuniwa ili kuondoa taabu fulani: moshi, kuni nyingi, mwendo wa bure, chakula kuoza. Kung'aa kulikuja nyuma. Na mwenye kujua vitu hivyo vilifuatana namna gani, anajua pia aanze na nini wakati pesa ni kidogo.

MOTO WA CHINI NA MOTO WA KUBEBA

Babu zetu wa milimani, Kabare, Walungu na kwingineko, walikuwa na moto ndani ya nyumba. Mafiga tatu, chungu juu, watu pembeni. Moto ule ulipika, ulitoa mwangaza, ulipasha joto usiku wa baridi na ulikausha mahindi juu yake. Kasoro yake inajulikana: ndimi za moto zinakwenda kila upande, na sehemu kubwa ya joto haifiki kwenye chungu. Kuni zinaisha mbio, moshi unabaki.

Mjini Bukavu ikaja mbabula. Ni chombo cha mji wa wapangaji. Mwenye nyumba akikufukuza leo, kesho unabeba mbabula, masufuria na godoro, unakwenda kutafuta kwingine. Kadutu, Panzi ao Cimpunda, pale nyumba za mbao zinagusana, nani atajenga jiko ndani ya ukuta usio wake? Kwa hiyo mbabula si dalili ya ujinga. Ilikuwa jibu la watu wasiokuwa na uhakika wa kukaa. Lakini mtu aliyekwisha kununua kiwanja chake, akajenga kwa matofali ya kuchoma, huyo hana tena sababu ya kupika kama mpangaji.

MTU ALIYEFUNGA MOTO NDANI YA MATOFALI

Katika miaka ya 1790, mjini Munich, inchi ya Bavaria ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani, alikuwako mtu aitwaye Benjamin Thompson. Alizaliwa Marekani mwaka wa 1753, na baadaye akapewa cheo cha Count Rumford. Kazi yake moja ilikuwa kulisha maskini wengi na kupanga maisha ya askari. Alipoingia jikoni za wakati ule aliona moto mkubwa ulio wazi, joto likipanda bure kwenye bomba la moshi, na lingine likimchoma mpishi usoni.

Alifanya jambo ambalo leo linaonekana rahisi. Alijenga kitalu cha matofali chenye kimo cha kiuno. Juu yake akaacha matundu, sufuria ikaingia ndani ya tundu mpaka karibu na shingo. Chini ya kila tundu akaweka moto wake mdogo, na mlango mdogo wa kupitisha hewa. Moshi wote ukafuata njia ndani ya matofali mpaka kwenye bomba. Ukifungua mlango, moto unaamka. Ukifunga, unalala.

Hapo ndipo sheria tatu za jiko zilipokaa pamoja: funga moto, ingiza sufuria ndani ya joto, tawala hewa. Mchimbaji hahitaji mwalimu kwa hiyo ya tatu. Aliyewahi kushuka shimoni anajua kwamba hewa ndiyo bwana wa kazi. Katika karne ya 19 viwanda vya Ulaya na Marekani vilichukua mawazo hayo na kutoa majiko ya chuma cha kalibu kwa nyumba za kawaida. Jiko likaacha kuwa moto ulio chini. Likawa chombo chenye mahali pake.

Kisha moto wenyewe ukabadilika. Mwaka wa 1826, mjini Northampton, Uingereza, James Sharp alipata hati ya kumiliki ubunifu wa jiko la gesi. Mwaka wa 1892, katika hoteli moja ya Ottawa, Kanada, Thomas Ahearn aliandaa chakula kizima kwa umeme. Lakini kulikuwa na taabu: waya wa kupasha joto ulikuwa ukiungua haraka. Jibu lilipatikana mwaka wa 1905, wakati Mmarekani Albert Marsh alipochanganya madini mawili, nikeli na kromu, akapata waya unaoweza kuwa mwekundu kwa saa nyingi bila kukatika. Huo ndio aina ya waya unaozunguka ndani ya resho tunazouziwa sokoni mpaka leo.

Moto usio na majivu wala moshi hauna sababu ya kukaa mbali. Unaweza kukaa karibu na kabati ya sahani, karibu na meza, ndani ya nyumba. Hapo mlango ulifunguliwa kwa kile Wafaransa wanaita jikoni iliyopangwa: kila chombo ndani ya nafasi yake, chini ya meza moja ndefu.

MAMA ALIYEHESABU HATUA

Mwaka wa 1926, mji wa Frankfurt ulikuwa ukijenga nyumba nyingi kwa ajili ya wafanyakazi. Kazi ya jikoni ilipewa mwanamke fundi wa majengo, Margarete Schütte-Lihotzky, aliyezaliwa Vienna mwaka wa 1897. Alichukua saa akapima: mama anatembea hatua ngapi kutoka kwenye maji mpaka kwenye moto? Anapoteza dakika ngapi kutafuta unga? Alitazama pia jikoni ndogo za mabehewa ya treni, pale wapishi wawili watatu wanalisha wasafiri wengi ndani ya nafasi finyu.

Jikoni aliyoichora ilikuwa na upana wa mita 1,9 na urefu wa mita 3,4. Ndani yake mlikuwa jiko, sinki, meza chini ya dirisha, kiti cha kuzunguka, na vijisanduku vya aluminiamu vya kuwekea unga, mchele na sukari. Kando ya jiko kulikuwa na kisanduku cha kutunza joto: unachemsha chakula, unakifungia humo, kinaendelea kuiva bila moto. Karibu nyumba 10 000 zilijengwa na jikoni ya namna hiyo. Zile jikoni za kisasa zinazouzwa leo kwa bei kali, pamoja na makabati ya juu na ya chini, ni wajukuu wake.

Tusisahau neno moja: zile nyumba hazikuwa za wakubwa. Zilikuwa za wafanyakazi. Fikra ilikuwa kwamba mwanamke anayefanya kazi inje na anayepika nyumbani asichoke mara mbili. Mama anayetwanga mawe Kamituga kutoka asubuhi, kisha anarudi kuchuchumaa mbele ya mbabula, ndiye mtu ambaye fikra hiyo ilimtafuta.

Bila shaka hatuwezi kuchukua kila kitu cha Frankfurt. Jikoni ya mita mbili haitoshi pale mama, mashangazi na mabinti wanapika pamoja, na kutwanga sombe kunahitaji uwanja. Lakini kupima kabla ya kujenga hakuna bei.

KWA NINI HAPA JIKONI ILIBAKI NYUMA?

Bukavu iliitwa Costermansville mpaka miaka ya 1950. Wabelgiji walijenga nyumba za fahari kandokando ya ziwa, ambazo nyingine zingali zimesimama Muhumba na Nyalukemba. Lakini katika Kongo ya wakati ule, mpango wa nyumba ulikuwa na siri yake: kazi ya moto iliachiwa mpishi Mkongomani, na mara nyingi ilipelekwa nyuma, karibu na ile nyumba ndogo ya watumishi iliyoitwa boyerie. Bwana alitaka chakula, hakutaka harufu wala moshi.

Ulaya jikoni iliingia ndani ya nyumba wakati familia nyingi zilipoanza kukosa watumishi, mama mwenye nyumba akalazimika kupika mwenyewe. Hapa mtumishi alikuwako, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haraka ya kubadili kitu. Baada ya uhuru tuliirithi ramani ile bila kuiuliza swali. Mpaka leo, ukiomba fundi akuchoree nyumba, anaweka jikoni nyuma kabisa, wakati mwingine bila dirisha. Hakuna boy tena. Aliye kule nyuma ni bibi yako na binti yako.

Chombo kimoja cha Ulaya kilifika mbali, hata kusiko na umeme: frigo ya petroli. Mwaka wa 1922, wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni frigo isiyo na mota. Ndimi ndogo ya moto inapasha mchanganyiko wa amonia na maji, gazi inazunguka ndani ya mabomba, na inaporudi inachukua joto la ndani ya kabati. Baridi inayozaliwa na moto! Frigo za aina hii zilitumika katika misioni, katika vituo vya makampuni, na kwa miaka mingi zilitunza chanjo katika vituo vya afya vya vijijini.

Umeme mkubwa ulikuja mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati bwawa la Ruzizi I lilipoanza kazi pale maji ya Kivu yanapotoka kuelekea Tanganyika. Mwaka wa 1989 ikafuata Ruzizi II, mali ya inchi tatu: Zaire ya wakati ule, Rwanda na Burundi. Ruzizi I inatoa karibu megawati 30 na Ruzizi II karibu 44, na hizo za pili zinagawanywa. Mji nao umekua kupita kiasi. Matokeo kila mtu anayajua: delestaje, kabini inayolipuka, balbu nyekundu kama jicho la mgonjwa. Ndiyo maana katika nyumba kadhaa za zamani tanuri ya umeme imegeuka kabati ya sahani, na mbabula imerudi pembeni yake.

Na sisi wenyewe tuna mkono ndani yake. Chupa na mifuko ya plastiki tunayotupa katika mitaro inashuka ziwani, inafuata maji mpaka Ruzizi, inaziba mitambo. Kila mara wafanyakazi wanalazimika kuitoa. Takataka ya jikoni inazima jiko.

JIKO LA UDONGO, JAMAA ASIYEJULIKANA

Je, asiye na umeme wa hakika akae paka na mbabula? Hapana. Ubunifu mkubwa wa miaka 50 iliyopita kwa ajili ya maskini ni jiko la kujengwa mahali pamoja, kwa udongo.

Guatemala, baada ya tetemeko la ardhi la 1976, watu walianza kutumia jiko la Lorena. Jina linatokana na maneno mawili ya Kispanyola, tope na mchanga. Ni Rumford yule yule, isipokuwa matofali yamekuwa udongo. Katika miaka ya 1980, Mmarekani Larry Winiarski alichora jiko la roketi: njia ya moto yenye umbo la kiwiko, kuni ndogo zinaingia kwa pembeni, hewa inavutwa kwa nguvu, na moshi mwingi unaungua kabla ya kutoka.

Karibu nasi, Kenya, katika miaka hiyo hiyo ya 1980 yalitokea mambo mawili. La kwanza ni jiko la makala lenye chuma inje na udongo wa kuchoma ndani, ambalo baadaye lilienea katika inchi nyingi za Afrika. Likitengenezwa vizuri, linapunguza makala kati ya asilimia 30 na 50. La pili halina sifa kubwa lakini linatuhusu zaidi: kikundi cha Maendeleo ya Wanawake pamoja na washirika wa Ujerumani walieneza jiko la kuni ambalo moyo wake ni udongo uliochomwa na wafinyanzi. Mama ananunua moyo ule, anaujengea jikoni mwake kwa mawe na tope. Hapo jiko halibebwi tena. Ni sehemu ya nyumba.

Na ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda, kuna rondereza, jiko la kuni la kujengwa. Kwa Kinyarwanda, kurondereza ni kutumia kwa kiasi. Wengi wetu tunaovuka kwenda Cyangugu tumeliona na kulipita.

Jambo hili si la mfuko wa mama peke yake. Kwa njia ya zamani ya kuchoma chini ya udongo, kilo moja ya makala inaweza kula kilo 5 mpaka 10 za miti. Miti ile inatoka wapi? Sehemu yake inatoka ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka wa 1970 na ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1997. Kivu ya Kaskazini walijaribu njia mbili. Tangu 2007 mradi wa EcoMakala umesaidia wakulima kupanda miti ya kuchoma nje ya Virunga. Na mwishoni mwa 2015 bwawa la Matebe, la megawati 13, lilifunguliwa kwa fikra kwamba umeme ukifika jikoni, shoka litapumzika msituni.

Hata gesi tunayo, tena chini ya maji. Ziwa Kivu linakadiriwa kubeba kilomita za ujazo karibu 60 za metani. Tangu 1963 gesi ya Rubona, karibu na Gisenyi, ilichemsha mitambo ya kiwanda cha bia. Tangu 2016 mtambo wa KivuWatt unaigeuza umeme upande wa Rwanda. Kongo nayo ilitangaza maeneo matatu ya gesi ya ziwa mwaka wa 2022. Sambaza wa Kivu wangali wanakaangwa kwa makala, juu ya ziwa lililojaa gesi.

MAWE YETU NDANI YA JIKO LAO

Sasa tufike kwenye chombo kipya kabisa: plake ya induksio, ile meza ya kioo cheusi. Kioo chake kinachovumilia joto kilitolewa na kampuni ya Schott ya Ujerumani mwaka wa 1971. Chini ya kioo kuna waya wa shaba uliozungushwa. Umeme ukipita humo unabadilika mbio sana, unazaa nguvu ya sumaku, na nguvu ile inapasha chuma cha sufuria. Plake yenyewe haiwi nyekundu. Inapata joto kutoka kwa sufuria.

Hapo kuna mtego kwa familia zetu. Sufuria nyingi za Bukavu ni za aluminiamu, ikiwa ni pamoja na zile mafundi wanazoyeyusha kutokana na vyuma vikuukuu. Plake ya kawaida ya induksio haitaki aluminiamu: inalia, inazima. Kabla ya kununua, chukua sumaku ya baflu lililokufa, iguse chini ya sufuria. Ikishika, sufuria inafaa. Isiposhika, usitoe pesa.

Fungua plake hiyo uone ndani. Karta yake ya umeme imeunganishwa kwa risasi nyeupe, yaani bati. Na bati linatoka katika kasiterite. Karibu nusu ya bati ya dunia inakwenda katika kazi hiyo ya kuunganisha vyombo vya umeme. Tangu zamani za SOMINKI, iliyoundwa 1976, na makampuni yaliyoitangulia, mpaka wachimbaji wa leo wa Nzibira na Nyabibwe, Kivu imetoa jiwe lile. Kolombo-tantalite, tunayoiita koltani, inakwenda ndani ya simu na kompyuta. Wolframite ilizaa waya wa balbu. Mawe yetu yanasafiri mbali, yanaingia viwandani, yanarudi ndani ya karto yenye picha ya mama mzungu anayetabasamu. Basi si haya mchimbaji kutaka chombo hicho nyumbani kwake. Mkono wake ulikuwa ndani yake tangu mwanzo.

HEWA MBAYA

Kuna sababu kubwa kupita zote. Kila mchimbaji anajua sheria hii: usiingize motopompe ndani ya shimo. Moshi wa mota una gazi isiyo na harufu wala rangi, monoksidi ya kaboni. Mtu anasikia kichwa kuuma, magoti yanalegea, analala, haamki. Wangapi tumewazika hivyo?

Gazi ile ile inatoka katika mbabula. Makala mekundu yasiyotoa moshi yanaonekana salama, kumbe hapo ndipo hatari ilipo. Usiku wa mvua, familia inaingiza mbabula chumbani ili watoto wapate joto, inafunga dirisha. Tunaogopa shimo na hatuogopi chumba. Tafazali: mbabula isilale ndani na watu, hata ikibakia na makala mawili.

Moshi nao unaua polepole. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba hewa chafu ya kupikia ndani ya nyumba iliua watu milioni 3,2 katika mwaka wa 2020, na miongoni mwao watoto zaidi ya 237 000 wasiofika miaka 5. Baba anarudi na vumbi la mawe kifuani, mama ana moshi kifuani, mtoto mgongoni anakohoa. Nyumba nzima inapumua vibaya, na nusu ya taabu hiyo inaweza kuondolewa na fundi wa matofali.

UKIJENGA, FUATA MPANGO HUU

Kwanza, hewa. Kabla ya kioo na marumaru, jikoni iwe na dirisha linalofunguka na bomba la moshi linalopita juu ya paa. Bomba likijengwa pamoja na ukuta, ni matofali machache. Likiongezwa baadaye, unavunja na kulipa mara mbili. Nyumba ikiwa ya mbao, usisimamishe jiko karibu na ukuta: weka mawe ao matofali kati ya moto na mbao. Tunajua namna moto unavyoruka Kadutu, nyumba hadi nyumba, wakati wa jua.

Pili, kimo. Jenga meza ya matofali inayofika kiunoni, na juu yake jiko la udongo lenye matundu mawili: moja la bugali, moja la maharagi ao samaki. Mpe mama mwenyewe apime. Mgongo ni wake.

Tatu, kisanduku cha joto. Maharagi yaliyolowekwa usiku, yakichemka kwa nguvu kwa dakika 20, ukayafungia na mfuniko wake ndani ya sanduku ao kitunga kilichojazwa nguo na mablanketi, yanaendelea kuiva yenyewe. Yarudishe motoni mara moja kabla ya kula.

Nne, waya. Hata kama umeme leo ni wa kubahatisha, panga waya wakati ukuta ungali wazi. Kufuatana na kanuni za Kifaransa ambazo mafundi wetu wengi wanazijua, taa zinapewa waya wa milimita 1,5 za mraba, plagi 2,5, na jiko kubwa la umeme 6, pamoja na disjonkteri yake peke yake. Resho ya wati 2 000 kwa volti 220 inavuta ampere 9 hivi. Ukiichomeka kwenye waya ya taa, pamoja na frigo na pasi, waya inapata joto ndani ya ukuta bila wewe kuona.

Tano, ndipo plake, tanuri na makabati ya kung'aa. Vinunuliwe kimoja kimoja, wakati shimo limetoa.

Na wenye kuongoza wachimbaji, wale tunaowaita PDG, wana nafasi yao. Chakula cha timu kinalipwa kila siku, na makala yake pia. Udongo uko pale pale, mawe yako pale pale. Siku moja ya kazi inatosha kuinua jiko la udongo kambini, na makala inayookolewa inabaki katika hesabu ya shimo.

Kwa familia ambayo haijajenga bado, kuna kazi isiyoomba hata franga moja. Kwa mwezi mmoja, andikeni katika kadaftari pesa zote za makala. Mwisho wa mwezi, mume na mke wakae pamoja waisome ile hesabu, waizidishe mara 12. Kisha waitane na fundi, na maneno ya kwanza mbele yake yawe juu ya jikoni.